Bahari Katika Hori ya Ng'ombe

Noah Kiplangat aliingia jikoni asubuhi ya Ijumaa akiwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Alivua gambuti mlangoni, akaketi kwenye kigoda, akanyoosha mkono kupokea kikombe cha chai kabla hata hajaulizwa kama anakunywa.

"Mama Jepkorir," alimwambia mkewe, "leo nakupea heko. Hiyo chumvi umekoroga imeweza kabisa."

Chepngeno aliendelea kumenya viazi. "Chumvi gani?"

"Si ya mabua? Lelgut amekula mpaka akalamba mbao za hori. Na yule mwingine wa maringo, anayekula kama amelazimishwa, leo alikuwa anasukumana. Nimenyunyiza mtungi mzima. Nikasema wacha na wao wafurahi."

Kiangazi kilikuwa kimerefuka mwaka huo. Nyasi za kulisha ng'ombe zilikuwa zimekauka hadi kwenye mashina, na kilichobaki ni mabua makavu ya mahindi ambayo ng'ombe waliyanusa na kugeuza shingo. Kila asubuhi Chepngeno alikoroga chumvi ndani ya mtungi wa manjano na kuuacha kwenye mlango wa stoo, na Noah akaja kunyunyizia mabua yale maji. Ng'ombe wakisikia chumvi hujisahau.

"Mimi sijakoroga kitu leo," alisema Chepngeno. "Chumvi iliisha jana. Si nilikutuma, ukarudi na gazeti?"

"Mtungi ulikuwa hapo mlangoni."

"Huo ni mwingine, niliusogeza nikifagia."

"Lakini ilikuwa chumvi, bana! Nilionja kwanza. Mimi siwezi kunyunyizia ng'ombe kitu sijaonja. Nilitia kidole hivi, nikaonja. Ni chumvi tupu."

Binti yao, Jepkorir, alikuwa amekaa karibu na dirisha akipuliza chai yake. Aliweka kikombe chini, akatoka. Wakasikia mlango wa stoo ukilia, kisha nyayo zake zikirudi taratibu. Alisimama mlangoni ameushika mtungi wake wa manjano juu chini. Tone moja lilining'inia mdomoni mwa mtungi, halikuanguka.

"Baba," alisema, "umewapa ng'ombe bahari."

Noah alianza kucheka. Alidhani ni mzaha, na ulikuwa mzaha mzuri. Kisha akamwona mtoto wake vizuri, akaacha.

*

Sebuleni, juu ya meza iliyozoea kubeba redio na vitambaa vya kufuma vya Chepngeno, kulikuwa na mabeseni mawili ya kioo. Ndani yake mlikuwa na mchanga mweupe, na ndani ya mchanga ule zilisimama nyasi nyembamba za kijani, zikiwa zimezama majini kabisa. Balbu ya kuwapashia vifaranga joto ilining'inia juu yake mchana kutwa. Wageni wa nyumba ile walikuwa wakiuliza vifaranga wako wapi.

Nyasi zile Jepkorir alizichimbua kwa mikono yake huko Pwani, alikokuwa akijifunza kazi baada ya kuhitimu. Aliwaeleza wazazi wake kwamba bahari nayo ina malisho. Kasa hula humo, samaki wadogo hujificha humo hadi wakue, na mizizi hushika mchanga usichukuliwe na mawimbi. Lakini maji ya bahari yanazidi kupata joto mwaka baada ya mwaka, na joto likipita kiasi nyasi hufa, mchanga ukabaki mtupu kama uwanja wa shule.

Yeye alikuwa akitafuta jibu la swali moja. Kuna nyasi zinazoota kwenye madimbwi ya ufukweni, ambako maji yakipwa jua huyachemsha kila siku. Kuna nyingine za aina ileile zinazoishi mbali ndani, kwenye kina, ambako maji ni baridi. Je, zile za madimbwini zimejifunza kuvumilia joto? Kama ni hivyo, basi hizo ndizo za kupandwa pale malisho yalipokufa.

"Ni mbegu unatafuta," Noah alikuwa amesema siku ile ya kwanza, akikuna kidevu. "Hilo naelewa. Mahindi ya Bumula, kule chini kwenye joto, ukiyaleta huku kwetu mlimani yanashangaa tu." Na tangu siku hiyo alikuwa akipita karibu na meza kila jioni kuzitazama, ingawa kule kwenye kituo cha maziwa wenzake walimtania kwamba binti yake anapanda nyasi ambazo hata mbuzi hawezi kuzifikia.

Na jibu lilikuwa limeanza kuonekana. Chini ya balbu ileile, nyasi za madimbwini zilibaki kijani wakati za kina zilikuwa zimegeuka kahawia kwenye ncha.

Kesho yake, Jumamosi, Jepkorir alitakiwa kuzionyesha Kibabii, karibu na mji wa Bungoma. Kulikuwa na meli ya utafiti ambayo ingezunguka bahari ya Kenya mwaka mzima ikipima joto la maji na kuchunguza viumbe, na nafasi moja tu ilikuwa imewekwa kwa vijana wa upande huu wa magharibi. Nafasi moja. Alikuwa ameshaomba kazi za bahari mara nyingi na kukosa, na mara ya mwisho baba na mtoto walipatana: akikosa hii, muhula ukifunguliwa atakwenda kufundisha katika shule ya Mwalimu Kemboi, pale karibu na kanisa. Kemboi alikuwa amekubali. Alikuwa akingoja jibu.

Sasa maji ya mabeseni yalikuwa yamechafuka, na yale ya kubadilishia, maji halisi ya bahari yaliyosafiri nchi nzima hadi Kitale, yalikuwa ndani ya tumbo la Lelgut.

*

Jepkorir alimpigia simu Mary Ann, rafiki yake aliyebaki Pwani.

"Ati ng'ombe wamefanya nini?" Mary Ann aliuliza, na ilibidi arudiwe. Alicheka, akaomba msamaha, akacheka tena. Kisha akasema angeenda kuchota maji saa hiyohiyo, lakini basi la jioni lingefika Bungoma kesho mchana.

"Wasaili wanamaliza saa sita," alisema Jepkorir. "Acha tu. Asante, dada."

Alikata simu akabaki ameitazama. Noah alikuwa amesimama mlangoni mwa sebule, miguu peku, hajui aweke wapi mikono.

"Baba, naomba nikuulize."

"Uliza."

"Ulijua ni yangu?"

Jikoni kisu cha Chepngeno kilisimama.

"Unaniuliza," Noah alisema polepole, "kama nilimwaga maji yako makusudi?"

"Nauliza tu. Kwa sababu kila siku unasema Mwalimu Kemboi anangoja."

"Na ni kweli anangoja!"

"Ndiyo hiyo nasema, Baba."

Noah angeweza kugomba, alikuwa na sauti ya kugomba, na watu wa kamati ya kanisa waliijua. Lakini neno lile lilimwingia mahali ambapo sauti haifiki. Aligeuka, akaenda kuvaa gambuti. Chai yake ilibaki kwenye kigoda ikipoa.

"Umemuumiza baba yako," alisema Chepngeno, akija na taulo mikononi.

"Najua, Mama." Jepkorir alijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Lakini sasa nifanyeje? Chumvi ya dukani wameiongezea madini, inaweza kuziua. Nilikuwa nahitaji chumvi mbichi, ile inayokaushwa na jua Pwani kabla ya kuwekwa chochote."

"Kama ile Gachanja anapaka ngozi?"

"Chumvi ya ngozi?"

"Ile ya magunia, mawe mawe. Si hutoka huko Malindi?"

Jepkorir alimtazama mama yake. Kisha wote wawili wakatazama dirishani, kwa sababu nyayo za gambuti zilizokuwa zikiondoka zilikuwa zimesimama ghafla nje ya dirisha. Zikakaa kidogo. Kisha zikaanza tena, kwa haraka, kuelekea barabarani.

*

Mzee Gachanja alinunua ngozi za ng'ombe na mbuzi kutoka kwa wachinjaji, akazipaka chumvi, akazikunja na kuzipeleka viwandani. Stoo yake ilikuwa nyuma ya soko la Kitale, na harufu yake ilikuwa mbele ya soko, kando ya soko, na Jumapili ikipulizwa na upepo ilikuwa kanisani. Miezi michache iliyopita Noah ndiye aliyesimama kwenye kamati ya kanisa na kusema kwamba muumini hawezi kuimba vizuri akiwa ameziba pua, na Gachanja aombwe ahame.

Gachanja hakuwa amehama, wala hakuwa amesahau.

"Mzee Noah!" alisema alipomwona amesimama kati ya ngozi mbili zilizoning'inia. "Umekuja kunihamisha tena?"

"Hapana, jirani. Nimekuja kuomba kitu kidogo."

"Kuomba! Kwangu! Basi kaa chini. Mgeni haombi akiwa amesimama." Akamwonyesha gunia, akaita chai.

Chai ikaja, ya maziwa, moto. Noah akaketi na ngozi mbichi ikimgusa bega. Akavuta pumzi nje ya kikombe, akaifunga, akanywa, akaiachia.

"Kunywa polepole," alisema Gachanja kwa upole mkubwa. "Hapa hakuna haraka. Harufu imezidi?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Iko… iko ya kazi."

Gachanja alitikisa kichwa akikubali, kama mtu aliyelipwa sehemu ya haki yake. "Haya. Sema shida."

Noah akamwambia. Alikuwa amepanga kuficha sehemu ya ng'ombe, lakini hadithi ile haikuwa na njia ya kupita bila ng'ombe, na alipofika kwenye kidole na kuonja, Gachanja aliweka kikombe chini ili asijimwagie. Alicheka hadi akashika nguzo. Alimwita mkewe kutoka nyuma aje asikie. Noah akalazimika kusimulia upya, kuanzia mtungi, na safari hii mke wa Gachanja ndiye aliyekaa chini.

"Ati ukasema chumvi imeweza!"

"Imeweza kabisa, nilisema hivyo," alijibu Noah, uso umemwaka.

Gachanja alijifuta macho kwa aproni. Alipomaliza kucheka alikuwa mtu mwingine. "Na msichana analia?"

"Halii. Ananiuliza kama nilifanya makusudi."

Mke wa Gachanja akaguna. Gachanja alinyanyuka bila neno, akafungua gunia jipya ambalo halijaguswa na ngozi, akajaza mfuko.

"Chukua. Na kesho mnaenda na nini? Na vioo? Hapana, bana, vitavunjika. Mimi napitia Kabuchai kuchukua ngozi. Kibabii si mbali na hapo. Pikapu yangu ni safi." Alifikiri kidogo. "Ni safi kwa macho."

*

Alasiri ile walikoroga bahari uani. Maji ya mvua kutoka kwenye tangi yalichujwa kwa kitambaa cha kuchujia maziwa, ambacho Chepngeno alikichemsha kwanza. Chumvi ikamiminwa kidogo kidogo. Jepkorir alikuwa na kipimo cha kioo ambacho huelea majini. Kadiri chumvi inavyozidi ndivyo kinavyopanda. Noah alisimama kando akikoroga kwa mwiko. Hakuna aliyekuwa amerudia maneno ya asubuhi.

"Onja, Baba," alisema Jepkorir mwishowe. "Wewe ndiye uliyeonja ya bahari."

Noah alitia kidole, akaonja, akatazama juu kama mtu anayesikiliza redio iliyo mbali. "Bado. Ongeza."

"Kipimo kinasema imetosha."

"Kipimo hakijawahi kufuga ng'ombe. Ongeza."

Jepkorir aliongeza kidogo kumridhisha. Kipimo kikaruka juu kupita alama. Ikabidi wapunguze kwa maji ya mvua, na Chepngeno akacheka waziwazi. "Mwenye ulimi huyo! Ndio maana mboga zangu kila siku anasema hazina chumvi."

"Kuna kitu hakipo," Noah alishikilia. "Ile ya asubuhi ilikuwa na uchungu fulani nyuma ya chumvi."

"Ni kweli," alisema Jepkorir. "Huo uchungu ni madini mengine. Wanapokausha chumvi Pwani, mengi hubaki kwenye maji yanayomwagwa. Hilo siwezi kulirudisha leo. Naomba tu zivumilie hadi kesho."

Alichovya mikono ndani ya maji, akaitoa, akaitazama ikidondoka.

"Baba. Asubuhi nilikukosea."

Noah aliendelea kukoroga ingawa hakukuwa na kitu cha kukoroga. "Mimi nataka ufundishe kwa Kemboi, sikatai," alisema. "Nataka kwa sababu ni karibu. Nikikohoa unasikia. Lakini kukufungia njia kwa mtungi, kama mwizi? Hapana."

"Najua."

"Haya basi." Akakohoa kidogo. "Lakini kesho usinitaje huko. Sema tu maji yalimwagika. Mimi ni mzee wa kanisa, Jepkorir. Kibabii haitakosa watu wa Kitale."

Jepkorir alikitoa kipimo majini, akakipangusa. "Nitajaribu, Baba," alisema.

*

Asubuhi nyasi zilikuwa zimelegea.

Si zote. Lakini za madimbwini, zile za kijani, zile zilizobeba jibu, kadhaa zilikuwa zimeinama kama watu waliosinzia ibadani. Mtu asiyejua kitu angetazama mabeseni yale mawili na kusema yanafanana.

Gachanja alikuwa tayari anapiga honi. Chepngeno aliinama juu ya kioo akiwa amevaa gauni lake la kanisa. "Si uzikate zile zimelala? Ni kama kupunguza majani ya sukuma wiki. Unaacha zile nzuri pekee."

"Kweli kabisa," Gachanja alisema kutoka mlangoni. "Hata mimi ngozi ikiwa na tundu nakunja upande wa tundu ndani."

Mkasi ulikuwa pale kwenye droo, kati ya nyuzi za kufumia. Jepkorir aliutoa. Aliushika muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kuamua jambo, kisha akautumia kukata kamba ya kufungia mabeseni, akaurudisha.

"Tutaenda nazo hivyohivyo," alisema.

Noah alikaa nyuma ya pikapu njia nzima, mabeseni mapajani yamezungushiwa blanketi, juu ya turubai iliyonuka kama dhamiri yake kuhusu ile kamati. Kila pikapu ilipoingia shimo aliyanyanyua mabeseni juu, maji yakayumba, yakatulia. Hakumwaga hata tone.

*

Ukumbini Kibabii walipokelewa na Mwalimu Nakhungu, mwenyeji wa shughuli ile, mtu mnene mwenye tai fupi aliyewasalimia wote kwa mikono miwili. "Kalibuni, kalibuni wazazi! Kuna viti hapa mbere." Kisha akanusa hewa, akatazama dirishani kama kuna kitu nje, akawa muungwana asiseme lolote.

Walikuwepo vijana wengine. Mmoja alikuwa amechora matumbawe kwenye ubao mkubwa kwa rangi nzuri; mwingine alikuwa na kompyuta iliyozungusha mikondo ya bahari kama upepo. Jepkorir alipoweka mabeseni yake mezani, yalionekana kama vyombo vya mtu anayeosha mboga.

Wasaili walikuwa wawili: Daktari Rahab, mwanamke mwembamba wa nywele fupi aliyekuwa akifanya utafiti wa bahari tangu ujana wake, na mwanamume mmoja mwenye miwani aliyeandika zaidi ya alivyosema. Jepkorir alieleza swali lake: madimbwi, kina, joto, mbegu. Alieleza vizuri. Daktari Rahab aliinama hadi pua ikakaribia maji.

"Unasema za madimbwini zinavumilia. Mbona zimelegea?"

Jepkorir alihema. Katika viti vya mbele baba yake alikuwa akitazama viatu vyake.

"Hazikulegea kwa sababu ya joto," alisema. "Wiki zote zilikuwa ndani ya maji halisi ya bahari, na zilikuwa kijani. Jana nilibadilisha maji, na haya si ya bahari. Nimeyatengeneza nyumbani, kwa maji ya mvua na chumvi ya ngozi. Yana chumvi ya kutosha lakini hayana madini yote. Kwa hiyo hali ya leo haihesabiki, ya beseni lolote. Naomba msitumie ya leo kunikubali wala kunikataa."

"Na maji ya bahari yalienda wapi?"

Jepkorir alitafuta neno lisilo la uongo na lisilomtaja baba yake.

"Yaliliwa," alisema, "na ng'ombe."

Ukumbi ukalipuka. Kijana wa matumbawe alicheka hadi ubao wake ukatikisika. Mwanamume wa miwani hakucheka. Aliweka kalamu chini.

"Binti, nimesikia visingizio vingi. Umeme, panya, mafuriko. Matokeo yakigoma mtu hutafuta hadithi. Hii ya ng'ombe ni mpya, lakini ni hadithi."

"Si hadithi, bwana."

"Ng'ombe aliingia sebuleni?"

Watu wakacheka tena, na safari hii kicheko kilikuwa kibaya. Jepkorir alisimama wima, akashika kingo za beseni, na hakumtaja baba yake. Chepngeno alimgusa mumewe kiwiko. Haikuhitajika. Noah alikuwa ameshasimama, kofia mkononi.

"Ni mimi," alisema. Ile sauti ya kamati ilimtoka yenyewe, ikafika hadi nyuma. "Naitwa Noah Kiplangat. Ni mzee wa kanisa huko Kitale. Mimi ndiye nilinyunyizia mabua hayo maji. Ng'ombe wanakataa mabua, kwa hivyo tunawawekea chumvi. Nilidhani ni chumvi ya mama. Na sikufanya ovyo! Nilionja kwanza."

"Ulionja," alirudia Daktari Rahab.

"Kwa kidole. Nikaona iko sawa."

Hapo hata mwanamume wa miwani alishindwa. Alivua miwani, akaufunika uso kwa kiganja, mabega yakamcheza. Mwalimu Nakhungu alipiga meza. Mzee mmoja nyuma alipaza sauti, "Na walikula?"

"Walimaliza!" alisema Noah. "Mpaka mbao!"

Aliketi, jasho likimtoka, akingoja aibu imfunike. Ilichelewa. Mwanamke wa kiti cha nyuma, mgeni kabisa, alimshika bega na kusema na wao kwao Kabuchai hunyunyizia hivyohivyo, ila huongeza sukari guru.

Daktari Rahab alingoja ukumbi utulie. "Jepkorir, ulikuwa na mkasi nyumbani?"

"Ndiyo."

"Ungeweza kuzikata hizi zilizolala, mimi nisijue."

"Ndiyo, Daktari."

"Kwa nini hukukata?"

"Kwa sababu zikipandwa baharini zikafa, watu wa huko watakuwa wamenisadiki bure. Mtu akiuziwa mbegu mbaya hapa kwetu, anapoteza mwaka mzima. Nipeni maji, nitarudia mwanzo hadi mwisho. Nikikosea, nitawaambia pia."

Daktari Rahab alimtazama mwenzake. Mwenzake alikuwa ameshavaa miwani, na alikuwa akiandika tena.

*

Jina lilitangazwa kabla ya saa sita, na Mwalimu Nakhungu hakuwa na subira ya kulisoma kwa taratibu. Alilitupa ukumbini kama mpira. Chepngeno alipiga kigelegele ambacho hajakipiga tangu harusi ya dada yake, wanawake wa Bungoma wasiomjua wakakipokea, na Gachanja, aliyekuwa amekatazwa kwa upole kuingia na aproni yake, akaingia nayo. Alimnyanyua Jepkorir juu. Kijana wa matumbawe alikuja kumpa mkono, na ulikuwa mkono wa kweli.

Walitoka nje kwenye jua. Jepkorir alikuwa akilia na kucheka, na alikuwa akimweleza Mary Ann kwenye simu kwa maneno yasiyofuatana. Noah alisubiri amalize. Alikuwa ameishika kofia bado.

"Hiyo meli," alisema, "mnalala humo ndani?"

"Ndiyo, Baba. Kuna vitanda."

"Na mtu akitapika?"

"Anatapika, kisha anaendelea na kazi."

"Chai iko?"

"Lazima iko."

Noah aliitikia kwa kichwa kila jibu, kama anayekagua nyumba kabla ya kuinunua. Mbali, ng'ambo ya mashamba ya miwa, mlima ulikuwa umejifunika wingu. Akatoa simu yake mfukoni, akaishika mbali na macho, akatafuta namba.

"Mwalimu Kemboi!" alipaza sauti, kama kwamba Kitale ingemsikia hata bila simu. "Ile nafasi mpe mtoto wa mtu mwingine. Wetu ameitwa baharini. Ndiyo. Baharini! Nitakueleza."

Akairudisha mfukoni, akasafisha koo.

"Haya. Hapa Bungoma soko ni kubwa. Twende tukakutafutie sweta nzito, kabla Gachanja hajajaza ngozi."

"Baba, huko ni joto."

"Mchana, sawa. Usiku je?"

"Hata usiku."

Noah alisimama. Maisha yake yote hakuwa amewahi kulala bila blanketi, na alilitafakari jambo lile kwa makini: mahali ambapo mtoto wake angelala na yeye asiweze kumfunika kwa chochote.

"Basi ni kofia ya jua," alisema, akatangulia kuelekea sokoni.